Uwalii kwa Ami, Ulezi Kwangu

Mdogo wangu anayenifuata alikula kwa mkono wa kushoto tangu utotoni, na kila alipokula ugenini hakukosa mtu wa kumkanya. Mama alikuwa hai siku chungu cha mbaazi kilipopinduka jikoni na tui lililokuwa likichemka likamshika mtoto kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Alipona. Lakini ngozi iliyoota juu ya kidonda ilikuwa ngozi ya kuvuta, na kadiri alivyokua nayo ilizidi kuvuta, hata vidole vya kulia vikakunjamana kama vimeshika kitu na havitaki kukiachia.

Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo si kula wala si kumpa mtu kitu. Akienda dukani akatoa pesa kwa kushoto, mwenye duka humwuliza kama kwao hakufunzwa adabu. Naye hakuwahi kuonyesha kovu lake ili ajitetee. Aliuficha mkono ndani ya buibui, akaweka pesa juu ya meza, akangoja. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa amejua kukaa katikati ya watu bila mtu kuuona mkono wake.

Baba alifariki kwanza, mama akamfuata kabla hatujazoea kumtaja baba bila kulia. Nilikuwa kidato cha kwanza. Siku ya arobaini ya mama tulikusanyika nyumbani kwa ami yangu, mdogo wake baba, mjini Malindi. Baada ya dua na kahawa, wazee wa ukoo walikaa barazani wakasema lile linalosemwa siku kama ile: wasichana hawa watatu sasa ni wa ami yao. Ami akajibu, "Nimewapokea." Wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mdogo wetu wa mwisho amelala begani kwangu, nami nilikuwa mmoja wa waliopokelewa.

Ami ni mtu mwema, na nataka lieleweke hilo mapema. Anauza papa mkavu na ng'onda sokoni, na nyumba yake ilikuwa imejaa watoto kabla yetu. Sikurudi shule. Jirani mmoja alinitafutia kazi ya kushona magunia huko Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, nikaenda nikikusudia kuwa naleta pesa tu. Yule mdogo kabisa akakataa kula. Nikarudi kumchukua. Yule wa mkono naye akasema hatabaki peke yake, akafunga nguo zake kwa kushoto na meno. Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba mimi ndiye nitakayewalea. Nilipanga chumba, nikanunua godoro, nikawaandikisha shule, miaka ikapita. Ami alikuwa akituletea samaki kila alipopata njia, na akija alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu kiti hatukuwa nacho.

Siku moja nilimpeleka mdogo wangu kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa akija katika hospitali moja ya Kilifi. Aliugeuzageuza ule mkono, akajaribu kuvinyoosha vidole kimoja kimoja, kisha akaniambia ngozi ile inaweza kukatwa ikaachiwa na pengo likazibwa kwa ngozi ya paja. Lakini mifupa ya mtoto anayekua haingoji. Ikikomaa ikiwa imekunjika, hata yeye hataweza kuinyoosha. "Mwaka huu," akasema. "Ukizidi sana, mwaka ujao."

Nikafanya kama ninavyofanya nikitafuta kitambaa cha sare: niliuliza bei kila mahali. Pale Marereni kuna zahanati ya mtu binafsi iliyopakwa rangi mpya, ukutani imeandikwa kwamba bima zote zinapokewa. Binti wa mapokezi aliutazama ule mkono akaniambia kwa upole kwamba wao ni wa homa na uzazi. Mjini Malindi nilitajiwa bei ambayo mwanzo ilinipa moyo. Nikauliza kama dawa ya usingizi imo. Haimo. Kitanda? Hakimo. Kufungwa vidonda baadaye? Hakumo.

"Kwani bei hiyo ni ya kisu peke yake?" nikamwuliza karani wa malipo.

Akacheka, na mimi nikacheka naye, maana la kulia sikulipata pale. Nikarudi Kilifi kwa yule daktari. Huko nikaelezwa vizuri: aliye na bima ya serikali, bima hubeba mzigo karibu wote, asiye nayo hubeba mwenyewe, na huweka amana kabla hajaonyeshwa kitanda. Kumbe mkono wa mdogo wangu ulikuwa na bei mbili, na kwa tofauti iliyokuwa baina yake mtu angeweza kujenga nyumba.

Mimi bima nilikuwa nayo. Sisi vibarua, ambao hatukatwi kwenye mshahara, hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mara moja. Nililipa wakati wa kaskazi, jua linapokausha mabwawa na chumvi huwa nyingi hata mtu akashona mpaka giza likamnyang'anya sindano. Nilipolipa nilidhani shughuli imekwisha. Nikaenda ofisini Malindi na vyeti vyetu ndani ya mfuko wa nailoni, ili wadogo zangu waandikwe chini yangu.

Karani alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Akafungua jina langu kwenye kompyuta.

"Mume?"

"Sina."

"Watoto?"

"Wawili."

Akainua macho. "Umewazaa wewe?"

"Kawazaa mama yangu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba bima humtambua mume, mke na watoto, na mtoto wa mwingine huingia tu ikiwa kuna karatasi inayosema mimi ni mlezi wake. Kisha akaingiza namba ya cheti cha kuzaliwa cha yule wa mkono, akanigeuzia kioo. Mdogo wangu alikuwa ameshaandikwa. Alikuwa katika nyumba ya ami.

Mara moja nikakumbuka. Siku watu walipokuwa wakiandikishwa pale sokoni, ami aliulizwa ana watoto wangapi. Aliwataja wake, kisha akapiga simu kuniomba namba za vyeti vya wadogo zangu, na mimi nikamsomea nikidhani ni mambo ya basari ya shule. Aliwahesabu kwa mapenzi. Lakini hakuweza kuilipia nyumba yake. Bima huipima nyumba kabla ya kuitoza, na nyumba ya ami, kwa macho ya mashine, ilionekana ya tajiri: imejengwa kwa mawe, ina stima, ina friji kubwa. Mashine haikuambiwa kwamba mawe ni ya babu, na kwamba friji ni ya samaki wa watu wengine. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa haijalipiwa, na aliyemo ndani yake hakuwa na bima. Nilifikiria kumlipia ami mimi. Karani akanitajia kiasi, nikalitoa wazo hilo kichwani palepale.

"Mtoto hawezi kuwa katika nyumba mbili," akasema. "Ami yako amwachie. Aende nawe kwa chifu, chifu aandike kwamba mlezi ni wewe, naye atie sahihi. Afisa wa watoto agonge muhuri. Leta hapa, nitafanya siku hiyo hiyo."

Kazini niliwasimulia wenzangu wa sindano. Mmoja, mama aliyetoka bara, mtu wa mizaha, alinishauri nirudi nikamwambie karani kwamba mtoto ni wangu wa kuzaa.

"Ningemzaa nikiwa darasa la pili," nikamwambia.

"Basi sema ulikuwa na haraka."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka msimamizi akakohoa.

Nikaenda kwa ami. Nilimkuta sokoni, kwenye meza yake, akimpimia mteja papa. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa furaha, kama kawaida yake. Nikamweleza palepale, nimesimama, wateja wakipita. Uso wake ukabadilika taratibu. Alimaliza kufunga samaki kwenye gazeti, akampa mwenyewe, ndipo akanigeukia.

"Unataka nikaseme kwa chifu kwamba nimewatupa watoto wa ndugu yangu?"

Nikamwambia ni karatasi tu.

"Karatasi ndiyo itakayobaki, mwanangu. Sisi tutakufa. Watakaokuja watasoma kwamba fulani alipokea mayatima mbele ya watu, kisha akaenda kuwarudisha ofisini."

Nikamtajia mkono. Akasema atatafuta pesa, atalipia nyumba yote, nimpe muda. Nilijua anasema kweli kwamba atatafuta, na nilijua hatapata. Niliondoka bila hasira. Njia nzima nilikuwa nikiwaza, na nilipofika Marereni nilikuwa nimeona nilipokosea. Neno la ami lilitoka kwenye hitima, baada ya dua, mbele ya wazee. Mimi nikamwendea nalo kwenye mizani ya samaki, nikataka alirudishe baina ya mteja na mteja. Hata mimi nisingekubali. Ikiwa neno lile litabadilishwa, libadilishwe palepale liliposemwa, mbele ya walewale walioliitikia.

Nikatangaza kwamba nataka kuwasomea wazazi wangu hitima, nyumbani kwa ami. Hakuna anayekataa hitima. Nilishona magunia ya watu waliougua na ya waliochoka, nipate pesa ya chakula. Yule mama wa bara, ambaye si Mwislamu, aliniletea kilo za mchele akasema ni za marehemu, wasiojua dini ya mtu. Ami mwenyewe alikwenda kuwaalika wazee mmoja mmoja, na yule mwalimu wa madrasa aliyeomba dua siku ya arobaini. Mke wa ami tulipika naye tangu asubuhi. Sikumwambia kitu. Alikoroga sufuria, akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Pilau yote hii," akasema, "si ya marehemu peke yao. Kuna aliye hai unayemtafuta."

Wakasoma, wakaomba, wakala. Wanaume walikuwa barazani na sisi wanawake chumbani, pazia katikati. Mikono ilipokwisha kuoshwa, nikaomba ruhusa kwa ami niseme neno. Akaniruhusu. Nikasema nikiwa nyuma ya pazia. Niliwashukuru kwa siku ile waliyotupokelea. Nikamshukuru ami kwa kila samaki aliyebeba mpaka Marereni. Kisha nikawaeleza habari ya mkono, na daktari, na mwaka wake mmoja. Na bima iliyo kwangu na jina lililo kwa ami. Nikasema simwombi ami aseme alishindwa. Namwomba anipe, kama mtu anavyompa mwanawe kitu.

Mzee mmoja, ambaye sauti yake niliijua tangu utoto kwa sababu haijawahi kukubaliana na mtu, akasema:

"Msichana hapewi watoto. Hupewa mume kwanza, watoto watakuja wenyewe."

Wanaume wakacheka. Nilihisi macho ya wanawake wote chumbani mgongoni kwangu. Nikasema, "Babu, mume akija atawakuta. Asiyewataka, mlango ni uleule alioingilia."

Kicheko kikahamia upande wetu. Mzee akaanza kujibu, lakini mke wa ami alikuwa ameshasogea karibu na pazia, kitambaa cha jikoni bado begani.

"Baba watoto," akamwita mumewe, "uwalii ni wako. Siku ya ndoa yao wewe ndiye utakayeulizwa, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kukunyang'anya. Lakini ulezi? Huyu mwenye mkono anavaa kiatu namba ngapi?"

Nikamsikia ami akijisogeza kwenye mkeka.

"Anaogopa nini usiku? Mwalimu wake wa darasa ni mwanamume au mwanamke?" Akangoja. "Mimi pia sijui. Dada yake anajua."

Mwalimu wa madrasa akasema polepole kwamba maneno hayo ni ya haki. Uwalii wa yatima ni jambo moja, na kumlea, kumlisha na kumtibu ni jambo jingine. Vyote viwili vinaweza kuwa kwa mtu mmoja, na vinaweza kuwa kwa watu wawili, wala hakuna aibu kwa yeyote kati yao.

Ami akamwita mdogo wangu aje barazani. Nikamsukuma kidogo. Akatoka, mkono ndani ya buibui kama kawaida yake. Ami akamwambia autoe. Kupitia ufa wa pazia nilimwona akiushika kwa mikono yake miwili, akijaribu kukinyoosha kidole cha shahada, nacho kikarudi kujikunja. Miaka yote ile alikuwa akija kwetu na hakupata kuuona vizuri. Yule mtoto alikuwa hodari wa kuuficha.

"Wallahi sikujua umefika hapa," akasema.

Kisha akawageukia wazee, na sauti yake ikawa ileile ya siku ya arobaini. "Mashahidi ni nyinyi. Uwalii ni wangu mpaka nife. Ulezi nimempa dada yao, na nimempa mbele ya dua, si mbele ya karani. Karani atakwenda kuambiwa tu."

Wakaitikia amina, na yule mzee mbishi akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nyuma ya pazia mke wa ami alinipiga kofi la bega lililoniuma siku nzima.

Kwa chifu ami alikuja amevaa kanzu na kofia ya kutarizi, kama anayekwenda kuoza. Alimsimulia chifu hadithi ndefu kuliko iliyotakiwa, ya baba, ya babu, ya asili yetu visiwani, na chifu akasikiliza yote kabla ya kuchukua kalamu. Afisa wa watoto akagonga muhuri. Yule karani wa sauti ya chini aliniona nikiingia na barua, akavuta kiti. Alifanya siku hiyo hiyo kama alivyosema. Nilitazama majina mawili yakitoka katika nyumba ya ami na kutokea chini ya jina langu, na katika ile sehemu inayouliza uhusiano paliandikwa: mlezi.

Kilifi hospitalini, siku ya kulazwa, tulikwama kidogo. Mashine ya bima ilitaka alama ya kidole changu, na vidole vyangu havikuwa na alama. Chumvi imezila. Nesi akajaribu gumba, mashine ikakataa. Akanipaka mafuta, akanifuta, akanipuliza, tukajaribu cha shahada, cha kati, mkono huu na mkono ule. Watu wa foleni wakaanza kunipa ushauri. Mmoja akaniambia nikae nikisugua kichwani, nywele zina mafuta ya asili. Mdogo wangu akakaa akinitazama, mimi mwenye mikono miwili mizima, ninavyohangaika kuitambulisha.

"Sasa umeona," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha juu ya mkono.

Kilichokubali ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakishiki sindano wala uzi. Taa ya kijani ikawaka, na foleni nzima ikapiga makofi.

Mdogo wangu akaingia chumba cha upasuaji, akatoka, mkono umefungwa bendeji kama mkate wa sinia. Siku ya kuruhusiwa nilikwenda kwenye dirisha la malipo nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Mhasibu akasoma, akaniambia bima imelipa, nilipie dawa moja ambayo haimo, niende zangu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilitoka kwenye kile kivuli cha ukumbi nikasimama juani, nikamwita ami kwa simu, na kabla sijamaliza sentensi nilimsikia akiwatangazia watu wote wa soko la samaki.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko ya daktari. Kila jioni ilibidi vidole vile vinyooshwe, kwa mafuta ya nazi, na vikinyooshwa vilimliza. Kuna siku alinichukia, akaniambia mimi si mama yake. Nikamwambia kwa serikali mimi ndiye, alete mkono. Akaleta. Kidogo kidogo kiganja kikafunguka, kwanza kama kikombe, kisha kama kisahani, mpaka jioni moja alikilaza juu ya meza na meza ikaguswa na vidole vyote.

Mwezi ule ami alikuwa akimwoza binti yake mkubwa. Tulikwenda Malindi, na baada ya nikahi chakula kikatandazwa, wasichana wakakaa kwenye masinia, kila sinia wenyewe wakibanana. Nilikuwa na kazi jikoni, lakini nilitoka kuangalia. Mdogo wangu alikuwa amebanwa baina ya binamu zake wawili, mikono ya buibui imekunjwa hadi kiwikoni, kovu liko wazi kwa kila mtu. Alikuwa akila kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemkanya. Mikono yote ilikuwa ikishindana kwenye ule mlima wa wali, na wake umo, na haukuwa wa nyuma.

"Huyu leo ametuonea," binamu mmoja akalalamika. "Nyama yote iko upande wake."

Mdogo wangu akazidi kusogea kwenye sinia. Alikuwa ameshika paja la mbuzi, na vidole vyote vitano vilikuwa kazini.